Mwanao anajenga ndege kwenye kompyuta? Tazama haya kabla ya kuizima

Mwezi huu nilipata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Dar es Salaam, msomaji wa ukurasa huu. Aliandika: “Mdogo wangu, naomba ushauri wa kiafya. Mwanangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Akitoka shule ni kompyuta mpaka usiku. Nikimuuliza anasema anatengeneza ndege ya zamani inayotua majini. Baba yake anataka kompyuta iuzwe. Huu ni ugonjwa au ni nini?”

Ujumbe kama huu huja mara nyingi, ila kwa kawaida gemu linalolalamikiwa ni la mpira au la bunduki. Ndege ya majini ilikuwa mpya kwangu. Nikaomba nifike nyumbani kwao nione, na wakakubali kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe.

Nilichokiona kimenifanya niandike safu hii kwa wazazi wote wenye mtoto anayekaa mbele ya skrini kwa muda mrefu. Wengi wetu tunahesabu saa tu. Saa ni muhimu, na nitazirudia hapa chini. Lakini kabla ya kuhesabu saa kuna maswali mawili ya kujiuliza: mtoto anafanya nini hasa mbele ya hiyo skrini, na ni kitu gani amekiacha ili akae pale?

Ndege yenyewe ni ipi?

Kijana huyu anaunda upya ndege iliyoitwa Short Empire, ili airushe kwenye simuleta ya urubani, yaani programu inayoigiza urushaji wa ndege. Ilitengenezwa na kampuni ya Short Brothers, mjini Rochester, Uingereza, kwa ajili ya shirika la Imperial Airways. Ya kwanza, Canopus, iliruka Julai 1936. Zilijengwa 42 kwa jumla, na nyingi zilipewa majina yanayoanza na herufi C: Caledonia, Centaurus, Cambria, Corsair.

Haikuhitaji uwanja wa ndege. Tumbo lake lilikuwa kama la boti, nayo ilitua na kupaa juu ya maji. Chini ya kila bawa kulikuwa na boya dogo la kuizuia isilalie ubavu. Ilikuwa na injini nne, na ndani ilikuwa na ghorofa mbili. Ilibeba abiria wasiozidi 24 pamoja na magunia ya barua.

Na ilipita hapa kwetu. Kuanzia 1937, njia ya kutoka Southampton hadi Durban ilishuka na mto Nile, ikagusa Port Bell upande wa Uganda, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, kisha ikaendelea Msumbiji. Bandari yetu hii ya Dar es Salaam ilikuwa kituo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndege hizo ziliendelea kupita pwani hii, zikiunganisha Durban na Cairo.

Leo haijabaki hata moja. Nyingine zilipotea kwa ajali na vita, zilizobaki zikakatwakatwa baada ya vita. Ukitaka kuingia ndani ya Short Empire, huna makumbusho ya kwenda. Zimebaki picha, michoro na maelezo ya vitabuni, na kwa watu kama kijana huyu, umbo linalojengwa mstari kwa mstari ndani ya kompyuta.

Kazi iliyofichwa nyuma ya skrini

Nilikaa naye kwa saa moja na nusu. Sikumwona akifyatua risasi wala kukusanya pointi. Alikuwa na daftari la hesabu la kurasa 200, lililojaa michoro ya penseli.

Kwanza lazima apate umbo. Ndege ilikuwa na urefu wa mita 26.8, na kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine mita 34.7. Kwa kutumia programu ya Blender, ambayo haina malipo, anaweka mchoro wa zamani nyuma na kuchora umbo juu yake, upande, juu na mbele, mpaka vyote vitatu vikubaliane. Picha za zamani zimepigwa kwa pembe, kwa hiyo kipimo cha picha moja hakilingani na cha nyingine. Inabidi atafute kitu anachokijua ukubwa wake, kama mlango au mtu aliyesimama, apige hesabu ya uwiano.

Mama yake aliniambia kwamba kuna Jumamosi alimkuta uchochoroni na mdogo wake wa kike wakivuta kamba ya kupimia. “Alitaka kuona mita 34 ni kubwa kiasi gani. Ilianzia getini kwetu ikapita nyumba tatu. Majirani wakatoka kuuliza kama tunauza kiwanja.”

Baada ya umbo huja uzito na nguvu. Hapa ndipo kijana alipokwama wiki mbili. Ndege ikiwa imejaa ilikuwa na uzito wa takriban kilo 18,400. Akaiandika namba hiyo, akawasha injini, na ndege ikaruka kama kishada kilichoponyoka mkononi. Kosa lilikuwa dogo: programu ilikuwa inasubiri pauni, naye amempa kilo. Kilo moja ni pauni 2.2, kwa hiyo ndege yake ilikuwa na uzito usiofika nusu ya uzito wa kweli. Namba sahihi ilikuwa 40,500. “Sasa swali la kubadili vipimo likija kwenye mtihani sikosi,” aliniambia akicheka.

Kisha kuna maji, na hapo ndipo ndege ya majini inapokuwa ngumu kuliko ya magurudumu. Maji hung'ang'ania. Chini ya tumbo la ndege hizi kuna mkato, kama kidato kimoja cha ngazi. Ndege ikishika kasi, tumbo huinuka na kuanza kuteleza juu ya maji, na mkato ule huyaachisha maji yasishike sehemu ya nyuma. Bila huo mkato ndege ingevuta maji nyuma yake mpaka ikose kasi ya kupaa. Na rubani akiinua pua kupita kiasi, au akiiacha chini mno, ndege huanza kudundadunda kama pomboo. Kwenye simuleta, mambo hayo lazima yaelezwe kwa namba: tumbo linagusa maji wapi, boya liko umbali gani kutoka katikati, uzito umeegemea wapi. Ukikosea kidogo, ndege inapiga mbizi.

Kuna jambo jingine lililomfundisha jiografia. Ndege yake ilipaa vizuri kutoka bandari ya Dar es Salaam, lakini Kisumu ilikimbia juu ya maji mwendo mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Alidhani ameharibu kitu. Kumbe Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi zaidi, bawa linapata cha kuegemea kidogo na injini inavuta kidogo. Marubani wa 1937 walilijua hilo kwa vitendo. Yeye amelijua akiwa amevaa kaptura ya shule, sebuleni.

Simulizi ya Corsair

Kwenye ukuta wake ameandika neno moja: CORSAIR. Nilimuuliza sababu.

Machi 1939, Corsair iliondoka Port Bell ikielekea Juba. Mitambo ya redio ya kuonyesha mwelekeo ikawapotosha, mafuta yakaanza kuisha, na rubani akalazimika kuishusha kwenye mto Dungu, mto mwembamba uliokuwa katika Kongo ya Wabelgiji. Ilitua salama, kisha ikagonga mwamba na kutoboka. Hakuna aliyekufa. Mafundi walifuatwa, wakaitengeneza pale pale porini. Walipojaribu kupaa, ikagonga mwamba tena. Wakaanza upya. Safari hii wakajenga bwawa kuupandisha maji mto, wakaitengeneza tena, na mwanzoni mwa 1940 ikapaa na kuondoka. Karibu miezi kumi ilipita.

“Nikikwama namkumbuka fundi wa Corsair,” alisema kijana.

Mzazi, hiki ndicho ninachotaka ukione. Mtoto huyu anashindwa, anatafuta sababu, anarudia. Anasoma vitabu visivyo vya mtihani. Na amepata kitu cha kuzungumza na babu yake mzaa mama, mzee wa miaka 88 aliyekulia Lindi, ambaye kabla ya hapo walikuwa wakisalimiana tu: “Shikamoo babu,” “Marahaba,” basi. Siku alipomwonyesha ndege kwenye skrini, mzee alisogeza kiti. Alisema wao watoto wakisikia ngurumo walikuwa wanakimbilia ufukweni, na kilichowafurahisha zaidi ni lile povu jeupe ndege inapogusa maji. Kijana akarudi kuongeza povu.

Uraibu hauna sura hiyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeuweka uraibu wa michezo ya kompyuta kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022. Dalili zake kuu ni tatu: mtu hawezi kujizuia, mchezo unatangulia mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea hata anapoona madhara. Tena kwa kawaida hali hiyo huangaliwa kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Kupenda sana kitu peke yake hakutoshi kumwita mtoto mgonjwa.

Lakini mwili nao una madai yake

Hapa ndipo nilipokubaliana na baba. Kazi inaweza kuwa nzuri, na bado jicho likauma na usingizi ukapotea. Skrini haijali kama unajenga ndege au unapoteza muda. Nilipouliza analala saa ngapi, jibu lilikuwa saa sita usiku, na anaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi daladala. Hizo ni saa tano na nusu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Akipungukiwa kila siku, umakini hushuka, hasira hupanda, na alama za shule hufuata. Mama alikuwa anailaumu ndege kwa matokeo ya muhula, wakati ninaona usingizi ulikuwa na sehemu kubwa.

Macho. Tukikodolea skrini tunapepesa kidogo, macho yanakauka na kuwasha. Kanuni rahisi ni ya 20 mara tatu: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani mita 6, kwa sekunde 20. Skrini ikae umbali wa mkono ulionyooka, juu yake ilingane na macho au iwe chini kidogo. Na mtoto atoke nje mchana. Tafiti zimeonyesha kwamba watoto wanaokaa nje muda mwingi wa mchana wana uwezekano mdogo wa kupata tatizo la kutoona mbali. Madaktari wengi hushauri walau saa mbili kwa siku, na njia ya kwenda na kurudi shule huhesabiwa.

Mwili. WHO inashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kuufanya moyo uende mbio: mpira, kuruka kamba, baiskeli, hata kuteka maji. Kiti cha plastiki cha sebuleni hakishiki mgongo. Weka mto nyuma, miguu ifike chini, na asimame kila baada ya nusu saa.

Masikio. Injini nne zikiunguruma kwenye hedifoni si mchezo. Sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Ukimwita kwa sauti ya kawaida ukiwa karibu naye na hasikii, ni kubwa mno.

Kichwa. Wapo wanaopata kichefuchefu wakirusha ndege kwenye skrini kubwa, na zaidi wakivaa miwani ya kidijitali. Macho yanaona mwili unageuka, sikio la ndani linasema umetulia, na ubongo unachanganyikiwa. Dawa ni kuacha na kupumzika, asijilazimishe. Mtoto mwenye kifafa azungumze na daktari wake kwanza, kwa kuwa mwanga unaomwekamweka huweza kuwaanzishia baadhi yao degedege.

Mdogo wake. Binti wa miaka mitatu alikuwa amekaa mapajani mwa kaka yake akitazama muda wote. Kwa umri wa miaka 2 hadi 4, ushauri wa WHO wa 2019 ni skrini isiyozidi saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora. Chini ya miaka miwili haishauriwi kabisa. Muda wa kaka huwa muda wa mdogo pia kama hakuna anayeangalia.

Mkataba wa rubani

Tulikaa mezani, mama, baba, kijana na mimi, na hatukuanza na neno “marufuku”. Tulianza na sheria za urubani, kwa sababu hizo anaziheshimu. Rubani wa kweli ana saa za kazi zilizowekewa kikomo, na aliyechoka haruhusiwi kuruka. Kijana hakuwa na la kubisha.

Wakakubaliana hivi, na unaweza kuyachukua ukayapima kwa nyumba yako:

Siku za shule ni safari moja. Short Empire ilisafiri kwa kasi ya takriban kilometa 265 kwa saa, na Dar es Salaam hadi Lindi kwa njia ya anga ni kama kilometa 350. Kwa hiyo safari ni saa moja na dakika 20 hivi. Akiamua kujenga badala ya kurusha, muda ni huo huo, na kazi za shule zinatangulia.

Saa mbili na nusu usiku injini zinazimwa. Saa tatu na nusu yuko kitandani, simu imebaki sebuleni. Saa nane za usingizi zinapatikana.

Jumamosi anaweza kwenda “Kisumu”, yaani muda mrefu zaidi, lakini kwa vituo. Ndege ile haikuweza kuvuka bara bila kutua, mafuta yake yalitosha kama kilometa 1,200 tu. Kila kituo anasimama, anakunywa maji, anatoka nje.

Kompyuta inabaki sebuleni. Asipakue mafaili kutoka kwa watu asiowajua bila kumwonyesha mkubwa, maana mengine hubeba virusi vya kompyuta. Na akiwa anabadilishana kazi na watu mtandaoni, hatoi namba ya simu, jina la shule wala mtaa anaoishi.

Kuhusu fedha, baba aliuliza swali la haki: hii kitu itatumaliza? Si lazima. Blender haina malipo, na simuleta inayoitwa FlightGear nayo ni ya bure. Zipo za kulipia kama X-Plane, na ile ya Microsoft ni nzuri sana lakini inataka kompyuta yenye nguvu na inakula bando. Anayejifunza hahitaji kuanzia huko.

Lini utafute msaada?

Nenda kituo cha afya, au zungumza na mwalimu wa ushauri nasaha, ukiona mtoto ameacha marafiki na michezo aliyoipenda, anadanganya kuhusu muda, anakosa chakula au kuoga, anakuwa mkali au kulia ukimwambia azime, au alama zinaporomoka hata baada ya usingizi kurekebishwa. Wakati mwingine skrini ni mahali pa kujificha. Kuna mtoto anayeonewa shuleni au mwenye huzuni nzito, na ukiondoa kompyuta bila kuuliza, utakuwa umemnyang'anya maficho na kumwachia tatizo. Kichwa kinachouma mara kwa mara, kuona ukungu, au kusogelea ubao darasani ni safari ya kliniki ya macho, usisubiri likizo.

Kwa mama aliyeniandikia, jibu langu la kiafya ni hili: kwa nilichokiona, sina sababu ya kumwita mwanao mgonjwa. Ana usingizi mdogo na ana kazi anayoipenda. La kwanza mlirekebishe wiki hii. La pili mlilinde.

Na kwa mzazi mwingine yeyote, kabla hujachomoa waya leo jioni, vuta kiti ukae karibu naye dakika kumi. Mwambie, “Nionyeshe.” Anayejenga atakuonyesha mpaka uchoke. Asiye na cha kuonyesha utamjua pia, na mazungumzo yenu yataanzia hapo.